Usiku wa Julai uliua mbegu zangu: niliyojifunza katika utafiti wa uzazi wa mifugo Mbeya

Julai 2010 nilisimama kwenye banda la mama mmoja wa Mbozi nikiangalia nguruwe ambaye hakupaswa kuwa katika hali ile. Sehemu zake za nyuma zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu, anazunguka, hataki pumba. Nilipombonyeza mgongoni kwa viganja viwili akasimama tuli, kama anavyosimama jike anayemngoja dume. Siku 21 kabla ya hapo mimi mwenyewe nilimhimilisha, yaani nilimpandikiza mbegu bila dume, kwa mbegu nilizozikusanya, nikazizimua na kuzihifadhi kwa mikono yangu.

"Daktari, si ulisema huyu ameshika?"

Nilikuwa nimesema, na kwa uhakika kabisa.

Kati ya majike 11 niliyoyahimilisha wiki ile, 9 yalirudi kwenye joto, yaani yalitaka dume tena. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichotokea, na miaka kadhaa kuweza kukisimulia bila kujitetea. Naandika kwa ajili ya vijana wanaomaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama au tiba ya mifugo na kuniuliza kama njia hii ya utafiti inafaa. Inafaa. Ila ina mashimo, na mengi niliyatumbukia mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, kwenye migomba na chai. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye kiwele chake. Alipoingia kwenye joto, baba alimswaga hadi kwa jirani mwenye dume, akilipa kwa fedha au kwa siku za kibarua. Kisha akaanza kupita mhimilishaji wa pikipiki, na mtungi wake ukifunguliwa unatoa moshi mweupe. Nilikuwa darasa la sita. Niliuliza kuna nini mle ndani, akaniambia kuna mbegu za madume walioko Arusha, wengine wamekwisha kufa. Sikulala vizuri usiku ule. Nilitaka kujua kitu kinawezaje kuendelea kuishi wakati mwenyewe hayupo tena.

Swali hilo lilinipeleka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mwaka 2009 nikaanza shahada ya uzamili. Mada yangu ilikuwa uhifadhi wa mbegu za nguruwe zisizogandishwa. Sababu ilikuwa ya kweli: wafugaji wadogo wa Mbozi wengi hawana uwezo wa kulisha dume mwaka mzima kwa ajili ya majike wawili. Anayeazima dume huazima na magonjwa yake, na dume mmoja akizunguka kijiji kizima kwa miaka, mwishowe anapanda binti zake. Dume mmoja mzuri hutoa mililita 200 au zaidi kwa mara moja, na zikizimuliwa vizuri zinatosha majike kumi na zaidi. Kwenye karatasi hesabu ilinoga.

Sasa kilichoniangusha. Mbegu za ng'ombe hukubali kugandishwa na kuwekwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miongo. Za nguruwe ni dhaifu mbele ya baridi. Utando wa chembe zake una mafuta ya aina ambayo hukakamaa upesi joto likishuka, na lehemu (kolesteroli) inayoshikilia utando huo ni kidogo. Kwa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzi 15 hadi 18, lengo likiwa 17, na hapo hukaa siku tatu hivi zikiwa bado na nguvu. Zikishuka chini ya 15 huanza kufa. Jokofu la nyumbani, lenye nyuzi 4 hivi, haliwezi kabisa kuwa mahali pake.

Nilikuwa nayajua hayo yote, nilishayafanyia mtihani na kufaulu. Lakini nilisoma Morogoro, ambako tatizo ni joto, na andiko langu lote la utafiti lilikuwa limejipanga kupambana na joto. Nilipofika Mbeya nikapima chumba nilichopewa saa sita mchana, nyuzi 18. Nikapima tena saa tisa, 19. Nikafurahi mno. Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba huku hatuhitaji kabati la kudhibiti joto, nyanda za juu zimetupa kabati la bure. Fedha za kabati nikazihamishia kwenye nauli.

Sikupima usiku hata mara moja.

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Chumba changu kilikuwa na ukuta mwembamba na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mbegu zangu zilikuwa zikiuawa kati ya saa nane za usiku na alfajiri. Asubuhi nilizipasha joto, nikaangalia tone moja kwenye hadubini, nikaona baadhi zinatikisika, nikajiambia ni uchovu tu, zitachangamka zikifika kwenye joto la mwili. Nina aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyojiambia. Kanuni niliyofundishwa ilikuwa wazi: kama zinazoogelea kwenda mbele ni chini ya asilimia 60, mwaga. Sikumwaga, kwa sababu majike yalikuwa kwenye joto siku ileile, basi la Mbozi lilikuwa linaondoka, na wafugaji walikuwa wananisubiri.

Aliyenifumbua macho hakuwa profesa. Alikuwa mzee aliyekuwa akisafisha maabara ile, Mnyakyusa mwenzangu. Nilimkuta asubuhi akiota moto wa mkaa nje, na pembeni chupa ya mawese aliyoletewa kutoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Mawese yale yalikuwa yameganda, akiyasogeza karibu na moto ili yamiminike. Akasema, "Binti, Kyela hii inatiririka kama maji. Huku usiku unaifanya jiwe." Nilisimama pale nikiitazama ile chupa. Mafuta yanayotiririka ufukweni mwa ziwa yamekakamaa mjini Mbeya, na mimi nina chembe zenye utando wa mafuta chumbani, ukuta wa pili. Siku hiyohiyo nilinunua kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini na cha juu. Asubuhi iliyofuata kilisoma nyuzi 8.

Nilirudi Mbozi nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenishauri nifanye hivyo, na mwenzangu mmoja alinionya kwamba nikikiri, sitapata ushirikiano tena. Niliwaambia kosa ni langu na nguruwe wao hawana tatizo. Wengi walinyamaza kidogo, kisha wakanikaribisha chai. Yule mama wa kwanza hakunikaribisha. Alinionyesha gunia la pumba lililokwisha. "Siku 21 za chakula hizi, nani ananirudishia?" Nilimrudishia kutoka mfukoni, na baadaye nikajua kwamba andiko la utafiti lilipaswa kuwa na fungu la fidia kwa mfugaji tangu mwanzo. Usikubali andiko lako lipite bila fungu hilo. Mfugaji anayekuazima jike wake anakuazima sehemu ya ada ya mtoto.

Baada ya hapo nilitengeneza utaratibu ambao wanafunzi wangu bado wanautumia. Sanduku la povu la kusafirishia samaki, chupa za maji ya nyuzi 17 zikizungushwa ndani, mbegu katikati, kipimajoto ndani ya sanduku wala si ukutani. Usiku wa baridi sanduku linafunikwa blanketi, mchana linakaa kivulini. Chupa za mbegu zinageuzwa taratibu asubuhi na jioni ili chembe zisijilundike chini. Kila kinachogusa mbegu, iwe kikombe, kioo cha hadubini au mrija wa kuhimilishia, kinatangulia kupashwa hadi kilingane nazo, kwani tone likianguka kwenye kioo cha baridi utaona mbegu zimekufa hata kama zilikuwa nzima. Na kila kundi linaandikwa saa lilipokusanywa, mwendo wake kwa asilimia, na jina la aliyeangalia. Jina hilo lina maana kubwa. Mtu akijua ameweka jina lake, huangalia mara ya pili.

Kabla sijaendelea, neno kwa dada zangu. Nilipoanza, shida yangu kubwa ilikuwa lugha kuliko sayansi. Kuita mkutano wa wazee, mimi msichana, nikazungumzie shahawa na kukinga mbegu za dume kwa mkono! Mkutano wa kwanza nilijificha nyuma ya maneno ya kitabuni hadi mzee mmoja akanikatiza: "Binti, sema mbegu tu. Sisi ni wafugaji, haya tunayaona kila siku." Tangu siku ile nasema mbegu, nasema kupanda, nasema joto, kwa sauti ya kawaida, na sijawahi kudharauliwa kwa hilo. Waliojaribu kunitania walikuwa wasomi wenzangu.

Mwaka 2011 ndio ulionivunja. Homa ya nguruwe ya Afrika ilikuwa imeanza Kyela mwishoni mwa mwaka uliotangulia, ikapanda kuelekea kwetu. Ugonjwa huu hauna tiba, na wakati ule hapakuwa na chanjo. Nguruwe wanapata homa kali, ngozi inakuwa nyekundu na kuelekea zambarau masikioni na tumboni, na karibu wote wanakufa ndani ya siku chache. Huenea kirahisi: nyama husafirishwa, mabaki ya jikoni hupewa nguruwe, viatu na magurudumu hubeba uchafu. Kijiji changu cha utafiti kilipoteza karibu nguruwe wote, wakiwemo majike waliokuwa wamebeba mimba za mbegu nilizozihifadhi vizuri. Madume wangu wawili nao walikwenda.

Nilikuwa nimepita banda hadi banda kwa viatu vilevile. Nilikuwa na dawa ya kuulia vijidudu kwenye ndoo, na siku nyingine nilikuwa na haraka. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni mimi niliyeleta, wala kuniambia kuwa si mimi. Nililia sana mwaka ule. Leo mwanafunzi wangu haingii banda la pili bila kubadilisha viatu, na kila banda lina viatu vyake vinavyobaki palepale. Wanaona namsumbua mtu kwa jambo dogo. Waache waone hivyo.

Kwa upande wa masomo, nilibaki na nusu ya takwimu na mkataba wa ufadhili unaokwisha baada ya miezi mitano. Kosa langu lilikuwa kuuegemeza utafiti wote kwenye wanyama hai, wa aina moja, mahali pamoja. Kilichoniokoa ni daftari la maabara. Nilikuwa nimeandika kila siku mwendo wa mbegu kwa saa 24, 48 na 72, pamoja na joto la sanduku, na msimamizi wangu akakubali tasnifu igeuke kuwa ya maabara. Nilimaliza mwaka 2012, mwaka mmoja zaidi ya nilivyopanga, na ule mwaka nilijilipia. Nilifundisha shule ya sekondari asubuhi na kuandika usiku. Anayepanga uzamili aweke akiba ya miezi sita ya kuishi baada ya tarehe ambayo mfadhili anasema utamaliza.

Kuhusu machapisho nitasema kwa kifupi, kwa kuwa bado inaniuma. Nilipokea barua pepe yenye sifa nyingi kutoka jarida nisilolijua, wakaahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili. Nililipa dola 200 za mkopo. Ilichapishwa bila mhakiki hata mmoja kuuliza swali, na nilipoomba kazi ya uhadhiri makala ile haikuhesabiwa. Jarida la kweli hukurudishia kazi ikiwa imejaa maswali, na unakaa miezi. Mwulize msimamizi wako, mwulize mkutubi, kabla ya kutuma shilingi yoyote.

Shahada ya uzamivu nilihamia kwenye ng'ombe na mbegu zilizogandishwa. Nilitaka kurudi kwenye ule mtungi wa utotoni. Mbegu nyingi za ng'ombe wa maziwa nchini hutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Wafugaji wa Rungwe, Njombe na Iringa walikuwa wakilalamika kwamba "mbegu za siku hizi hazishiki". Swali langu lilikuwa moja: zinapoteza uhai wapi kati ya kituo na ng'ombe?

Nilizunguka na wahimilishaji kwa miezi mingi, Tukuyu hadi Makete, nikiomba mrija mmoja mmoja wa mbegu zilizogandishwa kwenye mitungi yao. Nilichokiona ni kwamba mtu huharibu mbegu kwa sekunde tu. Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba, unapata joto upesi mno. Mhimilishaji anayeinua kikombe chenye mirija juu ya shingo ya mtungi, akitafuta jina la dume kwa macho, anazipasha joto zote zilizomo. Joto likipanda na kushuka, hata kama hazijayeyuka, fuwele ndogo za barafu hukua na kuchana chembe. Akirudisha mtungini, macho hayaoni tofauti. Mrija uliokufa na mrija ulio hai vinafanana kabisa.

Hapo nilifanya kosa la pili kubwa katika kazi yangu. Mkutano wa kwanza wa kurudisha matokeo niliweka ukutani jedwali lenye mitungi kwa namba, na ingawa hapakuwa na jina, kila mmoja alijua namba ipi ni ya nani. Vijana wawili waliondoka kabla ya chakula. Hawa ni watu wanaopanda Kitulo kwenye ukungu kwa pikipiki, saa kumi na moja alfajiri, kwa ujira mdogo, wakisubiri naitrojeni ambayo ikichelewa wao ndio wanaolaumiwa. Nilichukua miezi kurudisha imani yao. Siku hizi matokeo ya mtungi namwambia mwenyewe kwanza, tukiwa wawili, na nampa nafasi ya kunieleza kabla sijaandika. Mara nyingi maelezo yake ndiyo yenye sayansi. Mmoja alinionyesha kwamba naitrojeni yake inashuka haraka kwa sababu barabara ya milimani inatikisa mtungi na kizibo chake kimelika. Hilo halikuwa kwenye dodoso langu.

Waliobaki tulikubaliana mambo machache. Kabla ya kufungua mtungi ujue dume unayemtaka yuko kikombe kipi, kwa hiyo orodha inabandikwa mfuniko. Kikombe kisipite shingo ya mtungi, na usipompata ndani ya sekunde 10, kishushe, kipoe, anza upya. Kina cha naitrojeni kipimwe kwa rula kila wiki na kuandikwa. Kuyeyusha ni maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 au zaidi kidogo, kwa kipimajoto. Kwapa na mfuko wa shati si kipimajoto, hasa Makete mwezi wa saba. Na ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni, kesho yake asubuhi. Wafugaji wengi walikuwa wakipiga simu siku ya pili, joto limekwisha, kisha lawama zinaiendea mbegu.

Kuna hadithi ninayowapa wanafunzi kila muhula. Mwaka 1949, London, Christopher Polge na wenzake, Audrey Smith na Alan Parkes, walitangaza kwamba gliseroli huzilinda mbegu dhidi ya kugandishwa. Walikuwa wakijaribu sukari kwenye mbegu za jogoo na ikawa haifanyi kazi, kisha chupa moja ikafanya kazi vizuri ajabu. Walipokwenda kuipima, chupa ile haikuwa na sukari. Lebo zilikuwa zimechanganywa, ndani mlikuwa na gliseroli. Wangeweza kuitupa kama kosa. Walirudi kuuliza chupa ina nini. Mimi asubuhi zile za Julai niliona mbegu zinazotikisika tu, na sikurudi kuuliza.

Tena usichukue dawa ya mnyama mmoja ukampa mwingine. Mwanafunzi wangu alianza na mbegu za beberu kwa kufuata kanuni ya kuzimulia mbegu za fahali, yenye kiini cha yai kwa wingi. Zilikufa zote. Majimaji ya beberu yana kimeng'enya kinachovunja mafuta ya kiini cha yai na kuyageuza sumu kwa mbegu zenyewe. Inabidi kuziosha kwanza, au kupunguza kiini. Alikuja kwangu akilia, anadhani ameharibu shahada. Nilimwambia aandike siku ile kama ilivyokuwa, joto, saa, kiasi cha yai, kila kitu. Sura yake ya tatu ya tasnifu ilitoka humo.

Yule mama wa Mbozi, ambayo kwa sasa iko mkoa wa Songwe, alianza kufuga tena baada ya miaka miwili. Alinipigia simu akitaka mbegu. Nilipofika na sanduku langu hakuniuliza dume ni wa aina gani. Alinyoosha mkono akataka daftari, akasoma namba za usiku mmoja mmoja kwa kidole, kisha akafungua banda.

Kwa wanaoomba nafasi za masomo mwaka huu, kabla hamjasaini chochote ombeni kuonyeshwa maabara wakati hakuna umeme, muone nini kinaendelea kufanya kazi. Muulize mwanafunzi aliyetangulia alimaliza lini, si alitarajia kumaliza lini. Muulize naitrojeni inatoka wapi, inafika siku gani, na gari linaloileta ni la nani.